Brutus kwa nathari, Antony kwa ushairi: nani aliwateka Warumi?

LONDON – Kijana ana umri wa miaka 19. Amesimama juu ya meza katika ukumbi wa jumuiya kaskazini mwa jiji hili, na mbele yake sakafuni kuna godoro la mazoezi lililofunikwa shuka jeupe. Godoro hilo ndilo maiti ya Kaizari, na yeye ndiye Antony. Mkononi ameshika kitabu cha Mwalimu Nyerere, na amesoma hotuba nzima ya mazishi bila kukosea neno hata moja. Alipomaliza, bibi mmoja mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa ameketi karibu na hita akimsubiri mjukuu wake, akavua miwani.

"Mwanangu, umesoma vizuri," alimwambia. "Lakini umesoma kama barua ya benki."

"Sasa bibi, nisomeje?"

"Usisome. Sema."

Ndugu wasomaji, tulikuwa tumekwenda pale kuandika habari fupi tu, aya nne hivi, kuhusu vijana wanaojiandaa kwa kumbukumbu ya Mwalimu tarehe 14 Oktoba. Habari yenyewe tumeiacha. Tumerudi na makala hii, kwa sababu jibu la bibi lilitukera njia nzima hadi nyumbani. Kusema ni nini? Na kwa nini kijana huyu huyu, tulipomwomba aseme maneno yale yale kwa Kiingereza kama alivyofundishwa shuleni, alinyooka, sauti ikapanda, na hata watoto waliokuwa wakicheza na kiti cha magurudumu wakageuka kumtazama?

Wapo watakaosema haraka kwamba Kiingereza ndicho lugha ya Shakespeare na Kiswahili kimekopeshwa tu. Sisi hatukubali. Kijana alikuwa amefundishwa kanuni za mstari wa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumfundisha kanuni za mstari wa Kiswahili.

Tuanze na huo wa Kiingereza. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una mizani 10, zenye mapigo matano: silabi nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito, hadi mwisho. Wenyewe huuita iambiki pentamita, jina lisiwatishe. Hauna vina, isipokuwa hapa na pale, hasa anapotaka kufunga onyesho. Mara nyingine mizani huwa 11, na ile ya ziada ni nyepesi, mstari unabaki kama umening'inia. Swali maarufu la Hamlet kuhusu kuishi au kutoishi lina mizani 11, na mwigizaji mzuri husikia mashaka ndani ya ile silabi ya mwisho isiyotulia.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwanza, masikio. Jumba la Globe lilijengwa mwaka 1599 kando ya mto Thames, nalo lilikuwa wazi juu, watu wamesimama chini wakila na kuzungumza. Msafiri wa Kiswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba alitazama tamthilia ya Kaizari mjini London tarehe 21 Septemba mwaka huo huo. Hakukuwa na kipaza sauti. Pili, waigizaji wenyewe. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake. Hakupewa kitabu kizima. Kwa hiyo maelekezo mengi ya namna ya kuigiza ilibidi yatoke ndani ya mstari wenyewe: unapokatika, unapokosa mizani, unapoanza na pigo zito mahali pa pigo jepesi. Mwandishi alikuwa anamnong'oneza mwigizaji kupitia mizani.

Maarifa haya yalikaribia kupotea hata kwa Waingereza wenyewe. Karne ya 19 waigizaji wao walikuwa wakiimba na kutetemesha sauti. Waliosaidia kuyarudisha katika zama zetu ni pamoja na Peter Hall, aliyeanzisha kampuni ya Royal Shakespeare mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwenzake John Barton, na Cicely Berry, aliyeanza kufundisha sauti pale mwaka 1969. Hall alifariki mwaka 2017, na wenzake wawili wakamfuata mwaka 2018. Hall alikuwa mkali juu ya jambo moja: mwisho wa mstari. Usivute pumzi katikati. Vuta mwishoni, na hata kama sentensi inaendelea mstari unaofuata, msikilizaji ajue kwamba mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Barton yeye alisisitiza kupambanisha maneno, neno hili lipigane na lile. Berry aliwafanya waigizaji watembee chumbani huku wakisema, na kila wakikuta alama ya kituo, hata mkato, wageuke na kushika njia nyingine. Hotuba ya mtu aliyechanganyikiwa huwazungusha hadi kizunguzungu, ya mtu aliyetulia huwapeleka mbali kabla ya kugeuka. Akili husahau, miguu haisahau.

Tuliwajaribisha vijana wetu zoezi hilo kwa Kiswahili, na lilifanya kazi. Mmoja aligonga piano.

Sasa kuna mahali ambapo kanuni za Kiingereza hazihamishiki. Mstari wa Kiingereza hupanda na kumalizia juu ya silabi nzito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila mstari wetu unamalizia kwa kushuka: moyo, damu, kaburi. Kijana aliyelelewa na sikio la Kiingereza akisikia ile silabi ya mwisho inazimika, naye anazima sauti pamoja nayo. Mistari 30 ikizimika mfululizo, mnapata barua ya benki.

Lakini hebu tujiulize: washairi wetu wa jadi walifanyaje? Waliweka kina palepale! Kina cha shairi la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya mwisho, ile ambayo mazungumzo ya kawaida huimeza. Anayeghani utenzi au shairi hairuhusu ife, anaibeba hadi mstari ufike. Bibi wa Tanga hakuwa na jina la kitaalamu, alimwambia kijana tu, "Usinimezee 'yo' ya moyo, mimi nimekaa huku nyuma." Hiyo ndiyo kanuni ya Peter Hall, imefika kwa njia ya Tanga.

Tahadhari moja hapa. Kuibeba silabi si kuiimba. Kijana wa pili, aliyesikia ushauri huo, alianza kughani hotuba ya Antony kama anasoma utenzi kwenye harusi, na ikawa vichekesho. Shakespeare mwenyewe alimpa Hamlet maneno ya kuwaonya waigizaji kuhusu jambo hili: maneno yapite mepesi ulimini, na kama ni kupiga makelele basi heri aitwe mpiga mbiu wa mjini aje afanye kazi hiyo. Uzito wa silabi ya mwisho ni wa kupeleka mbele, kama mtu anayekukabidhi ndoo ya maji bila kuimwaga.

Mzee mmoja wa Lubumbashi, ambaye bintiye anaigiza mke wa Brutus, alitukumbusha kwamba wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wanayo njia ya karibu zaidi. Mstari wa Racine una mizani 12, umegawanyika sita kwa sita, na pumziko katikati. Shairi letu lina 16, nane kwa nane, ukwapi na utao. Katika mashairi hayo ya Kifaransa, ile 'e' ambayo mitaani haitamkwi inatamkwa ikifuatwa na konsonanti, la sivyo mizani inapungua na wajuzi watakutazama kwa jicho baya. Mzee alisema mwalimu wake alikuwa anahesabu kwa kugonga meza kwa rula. Alipotuonyesha, akitaja mistari aliyokariri utotoni, tuliona wazi kwamba kugonga kulikuwa bado kumo kidoleni mwake.

Tatizo jingine ni kitenzi chetu. Kiingereza husema "mimi", "yeye", "si" kwa maneno mafupi yanayosimama peke yake, na mwigizaji anaweza kulikanyaga lolote analotaka. Sisi tunayashona pamoja: nilimpenda, hakunipenda. Anayependa na anayependwa wamo ndani ya neno moja, na mkazo hauangukii hata mmoja wao. Kwa hiyo unapotaka kupambanisha mtu na mtu, huna budi kumtoa nje: mimi nilimpenda, yeye hakunipenda. Mwigizaji wa Kiswahili aangalie kama mfasiri amemtolea mtu wake nje, na kama hakumtoa, atafute njia nyingine, pengine kwa kutua kabla ya kitenzi. Maneno yenye uzito yakiwa majina, sikio letu halihitaji mwalimu. Sikiliza mtu yeyote akisema "penye miti hapana wajenzi". Sauti inaegemea miti, halafu wajenzi. Hakuna anayeegemea "penye". Ukiweza kusema methali hiyo, unaweza kusema hotuba ya Brutus.

Na tumfikie huyo Brutus, maana ndipo penye utamu.

Kaizari ameuawa. Umati uko sokoni. Brutus, muuaji mwenye nia njema, anapanda kuwaeleza, na Shakespeare anamnyima ushairi. Hotuba yake ni nathari. Si nathari ya ovyo, imepigwa randa: anapambanisha mapenzi yake kwa mtu na mapenzi yake kwa mji, anauliza maswali matatu yenye umbo moja na kila moja analifunga kwa maneno yale yale. Ni takriri na tanakuzi za kufundishia darasani. Anawaita watu kwanza kama Warumi, kisha kama watu wa nchi moja, na wapenzi wake wanakuja mwisho. Anazungumza na akili zao.

Kisha anashuka, na kwa wema uliopitiliza anamwachia Antony jukwaa. Antony anasema ushairi. Anawaita kwanza kama marafiki, kisha Warumi, kisha watu wa nchi moja. Amegeuza mpangilio wa Brutus. Kwa Kiingereza majina hayo matatu ni ngazi: la kwanza lina silabi moja, la pili mbili, la tatu tatu, na mstari unaanza na pigo zito kama mtu anayepiga mlango. Kwa Kiswahili ngazi hiyo haipo, marafiki ni silabi nne tangu mwanzo. Basi ngazi aijenge mwigizaji kwa sauti yake, na tulipomweleza kijana hivyo aliuliza swali zuri: "Kwa hiyo mfasiri akinipunguzia, mimi naongeza?" Ndiyo, kabisa.

Kisha ile takriri mashuhuri. Antony anarudia mara kwa mara kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Waigizaji wengi wachanga huanza kejeli mara ya kwanza, wanakunja mdomo, wanakonyeza. Wanaharibu. Mara ya kwanza ni lazima aamini, au asikike kama anaamini, kwa sababu umati bado uko upande wa Brutus na ungemrarua. Neno ni lile lile, kinachobadilika ni ushahidi unaolizunguka, hadi umati wenyewe ugundue kwamba neno limeoza. Kejeli iwafikie wasikilizaji kabla haijamfikia msemaji. Watu waliokulia chini ya serikali zinazopenda kusifiwa hawahitaji maelezo marefu hapa. Sisi tuliwahi kuandika tahariri nzima kwa mtindo huo, na waliohusika walielewa, kwa bahati mbaya.

Mwalimu aliyafasiri haya akiwa Ikulu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963, akalirekebisha na kulitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Aliacha vina na kushika mstari, jambo ambalo kwa msomaji wa Kiswahili wa wakati ule lilikuwa geni. Kuna waliosema kisicho na vina si shairi. Kwa kitabu cha kusomwa kimya hoja hiyo inaweza kupita. Jukwaani Mwalimu alikuwa sahihi, kwa sababu umati ukianza kungojea kina huacha kusikiliza hoja.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba nathari ni ya wanyonge na ushairi wa wakubwa. Shylock wa Venisi anatoa utetezi wake mkubwa wa ubinadamu wake kwa nathari. Na katika Juliasi Kaizari hiyo hiyo yupo Casca, anayezungumza nathari ya mzaha mchana kutwa, halafu usiku wa dhoruba anatokea akisema ushairi. Hofu imemtia mizani. Mwigizaji asiyeliona hilo atamwigiza Casca yule yule mara mbili.

Kuna jambo moja katika zile hotuba mbili ambalo sisi hatukuwahi kulitilia maanani hadi jioni ile: wote wawili wananyamaza, na wote wawili wanatangaza kwamba wananyamaza. Brutus anauliza kama yupo aliyemkosea, anasema anangoja jibu. Anajua hakuna atakayejibu kinyume. Ukimya wake ni mlango uliofungwa tayari. Antony anasema moyo wake umeingia jenezani pamoja na Kaizari, hivyo anyamaze hadi umrudie. Na wakati yeye amenyamaza, raia wanaanza kunong'onezana: unajua, ana hoja. Ukimya wake unawapa watu nafasi ya kujishawishi wenyewe. Je, analia kweli, au anatega sikio? Mwigizaji achague, lakini asiharakishe. Vijana wetu wote waliruka pale. Sekunde mbili za kimya zilikuwa zinawachoma kama makaa.

Tunawaelewa. Tulipofika nchi hii, baada ya gazeti letu nyumbani kufungiwa, tulihojiwa kwa saa nyingi katika chumba kisicho na dirisha. Tulisema Kiswahili, na mkalimani akageuza. Tulipofika kwenye usiku ule walipokuja watu wanne na kuuliza jina letu, tulinyamaza katikati ya sentensi. Hatukuwa tumesahau. Mkalimani alingoja kidogo, halafu akaimalizia sentensi kwa niaba yetu, kwa sauti ile ile ya kusoma orodha. Maandishi tuliyopewa baadaye yalisema kwamba hapo mhojiwa alisita, na kusita huko kukahesabiwa kuwa dalili ya mtu anayetunga. Ilichukua miaka mitatu kulirekebisha. Hatulaumu lugha ya mtu. Lakini tangu siku ile hatuwezi kumsikia mtu akiambiwa kwamba pumziko ni urembo tu wa jukwaani.

Shakespeare anaye mtu wa namna yetu. Katika tamthilia ya Richard wa Pili, ambayo yote ni ushairi mwanzo hadi mwisho, mfalme anamfukuza mtemi Mowbray nchini maisha. Mowbray halilii ardhi wala mali. Anachokililia ni lugha yake. Anasema kwa miaka 40 amejifunza Kiingereza na sasa hakina kazi tena, ulimi wake umekuwa kama kinanda kisicho na nyuzi, umefungwa jela nyuma ya lango la meno na midomo, na yeye ni mzee mno kurudi kwa yaya kufundishwa kusema. (Mowbray wa historia alikuwa bado kwenye miaka ya 30 alipofukuzwa mwaka 1398. Alifia Venisi mwaka uliofuata.) Sisi tumeshavuka hiyo 40. Ukiisoma hotuba ile kwa sauti, kwa Kiswahili cha kujitafsiria jikoni baada ya zamu ya usiku, wabeba maboksi wenzetu mtatuelewa, unagundua kwamba mtu anayelalamika kwamba hana tena ulimi anasema kwa mpangilio kamili, kila mstari umefika mwisho wake. Mwigizaji anayeisema kwa kwikwi na kukatakata anamnyang'anya Mowbray kile pekee alichobaki nacho.

Tulirudi ukumbini Alhamisi iliyofuata. Ukumbi hukodishwa hadi saa tatu usiku, na saa tatu kasorobo kijana alipanda tena juu ya meza. Alikuwa ameandika kwa penseli alama ndogo mwishoni mwa kila mstari. Mistari ya mwanzo aliimeza miwili, akajirekebisha. Mara ya kwanza alimwita Brutus mtu wa heshima kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, na bibi akatikisa kichwa kukubali. Mara ya tatu mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaacha. Kijana alipofika kwenye jeneza, alishusha kitabu, akalitazama lile godoro, akanyamaza.

Msimamizi wa jengo, mtu wa makamo asiyejua neno la Kiswahili, aliposikia kimya alidhani mambo yamekwisha. Akasukuma mlango, funguo zikilia mkononi, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Bibi hakugeuka. Aliinua kiganja chake tu, kama anayezuia gari barabarani.

"Ngoja," alisema. "Hajamaliza."

Yule mtu akangoja.